Asha Hajakosea Jina Lake

Wiki 3 zilizopita nyumba yangu hapa Bondeni, Nakuru, ilipata mgeni. Mwanangu wa pili na mkewe walijaaliwa binti, mzaliwa wao wa kwanza, mwenye kilo 3 na nusu na sauti ya kuwaamsha majirani hadi Kivumbini. Furaha ilikuwa kubwa. Maandazi yalipikwa, chai ya tangawizi ikamiminwa, kina mama wakapiga vigelegele. Kisha mtu mmoja akauliza swali, na kitumbua kikaingia mchanga: mtoto anaitwa nani?

Si kwamba jina halikujulikana. Lilijulikana kabla hata ya mimba. Mama yangu mzazi, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliitwa Asha, na tangu alipotutoka mwaka 1997 hajapata somo katika ukoo wetu, kwa kuwa mimi na ndugu zangu tulizaa wavulana watupu, na wavulana wetu nao wakatuzalia wavulana. Huyu ndiye msichana wa kwanza. Jina lilikuwa likimngoja kama kiti kilichowekwa mlangoni. Ugomvi uliozuka haukuwa juu ya jina, bali juu ya herufi moja.

Mkaza mwanangu alisema kwa adabu, kama alivyolelewa, lakini alisema: "Baba, Asha ni jina la kizamani. Na tena si sahihi. Jina lenyewe ni Aisha." Kisha akanionyesha simu yake, ambamo alikuwa amelikuta likiandikwa Ayesha, akaona hilo ndilo lenye kupendeza zaidi. Kaka yake, ambaye alifanya kazi miaka mingi katika nchi za Ghuba, yeye hakutaka Asha wala Ayesha. Alitaka Aaisha, kwa alifu mbili na sauti ya kooni mwanzoni, na alitutamkia mara kadhaa mpaka mke wangu akamwuliza kama angependa maji ya kunywa. Mke wangu mwenyewe alikuwa na neno moja tu: "Asha." Akarudi jikoni.

Naandika haya kwa sababu najua si nyumba yangu pekee. Katika chuo nilichosomea Kurani nikiwa mtoto, darasa letu lilikuwa na Asha 4, na maalim aliwatofautisha kwa kuwaita Asha Mkubwa, Asha Mdogo, Asha wa Kona na Asha Mwenye Dimpozi. Juzi nilimwomba maalim wa sasa anionyeshe daftari la watoto. Hakuna Asha hata mmoja. Wako Aisha, yuko Aysha, yuko Ayesha, wako Aishah wawili wenye h mkiani. Jina halikupungua nguvu, ila limevaa mavazi mapya, na wanaolivaa wanawatazama kina Asha wa zamani kama watu waliotoka nyumbani wakiwa wamefunga vifungo vibaya.

Hebu basi tulitazame jina lenyewe, maana wengi wanaolisahihisha hawajalitazama.

Asili yake ni Kiarabu, na hilo halina ubishi. Ndilo jina la bibi Aisha binti Abubakar, mke wa Mtume, ambaye Waislamu humwita Mama wa Waumini, na ndiyo sababu limeenea kila mahali dini ilipofika. Maana yake ni mwenye kuishi, aliye hai. Mzizi wake una herufi tatu, ain, ye na shini, na mzizi huo huo ndio uliotuzalia maneno mawili ambayo hapana Mswahili awezaye kumaliza siku bila kuyatumia: kuishi na maisha. Asha na maisha ni watoto wa tumbo moja. Sijasikia mtu akidai kwamba tunakosea tunaposema "maisha" kwa kuwa Mwarabu anasema vingine. Neno lilikuja, likakaa, likawa letu, na tunalitamka tunavyojua sisi. Basi kwa nini jina la mama yangu likatazwe kufanya lile lile?

Lakini nisiende mbio. Mjomba wa mtoto ana hoja, na hoja hupimwa. Yeye anasema kwa Kiarabu jina lina ain mwanzoni, kisha a ndefu, kisha hamza, yaani ule mkwamo mdogo wa kooni, kisha i, kisha sha. Kweli kabisa. Sasa, msomaji, nifuate kidogo. Kwa Kiarabu uzito wa jina hilo uko wapi? Uko kwenye ile a ndefu ya mwanzo. Mwarabu hukaa juu yake, kisha i hupita upesi kama mtu apitaye mbele ya wakwe. Kiswahili nacho kina kanuni yake, ambayo kila mwalimu wa darasa la nne huifundisha: mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tamka basi Aisha kwa Kiswahili, bila kujilazimisha. Mkazo umeanguka wapi? Umeanguka kwenye i. Ile i iliyokuwa ikipita upesi kwa Mwarabu sasa imekalia kiti cha mbele, na a iliyokuwa bibi harusi imesukumwa nyuma ya mlango.

Sasa tamka Asha. Mkazo uko kwenye a, pale pale alipouweka Mwarabu. Wazee wetu hawakuwa wazembe. Walisikia kwa masikio yao sauti iliyo kubwa wakaishika, wakaiacha iliyo ndogo ianguke. Anayesema Aisha kwa Kiswahili akidhani amekaribia Uarabuni, kwa kweli ametembea hatua moja kwenda kinyume.

Wala isidhaniwe kwamba ulimi wa Mswahili ulishindwa na i. Pale Pwani wapo kina Mwanaisha wasio na idadi, na jina hilo si jingine ila ni Mwana, lile neno la heshima waliloitwa nalo mabibi wa zamani kama Mwana Kupona, likaunganishwa na Aisha. Wapo pia kina Esha, Mombasa hadi Lamu. Na Esha si kosa la Waswahili vilevile, kwa kuwa Waarabu wenyewe katika mazungumzo ya nyumbani, mbali na mimbari na vitabu, aghalabu huiacha ile hamza, wakasema kwa namna iliyo karibu na Aysha au Esha. Sauti hizo ndizo zilizopanda majahazi, maana jina halikuletwa na kamusi, lililetwa na watu.

Tuwatazame na majirani zetu Wasomali, ambao hapa Nakuru tunafanya nao biashara na kuoleana. Wao wanaandika jina hilo Caasha. Mwaka 1972 serikali ya Somalia ilipochagua herufi za Kilatini kuandikia lugha yao, herufi c ilipewa kazi ya kusimama badala ya ain. Kwa hiyo Caasha ni Asha yule yule wa Bondeni, mwenye ain yake kamili na a yake ndefu, na bila ya i. Lakini nenda ukamsikie karani asiyejua jambo hili. Nilikuwa nimeketi katika zahanati moja, nimebeba goti langu linalouma, karani akatoka na faili akaita, "Kaasha! Kaasha!" Hakusimama mtu. Akaita tena, "Chaasha!" Kimya. Msichana mwenyewe alikuwa ameketi kando yangu na homa yake, akingoja kuitwa jina lake. Mpaka mimi nilipochungulia faili.

Dunia nzima imelifinyanga jina hili kila mtu kwa udongo wake. Waturuki wanasema na kuandika Ayşe, na ile s yao ina mkia chini ili isomwe sh. Katika Afrika Magharibi wako kina Aissata na Aissatou. Wafaransa huweka vitone viwili juu ya i ili a na i zisimezane, na ndivyo lilivyoandikwa katika wimbo wa Khaled wa mwaka 1996, ambao uliimbwa kwa Kifaransa na mtu wa Oran ukavuma mpaka ndani ya matatu zetu. Huko Marekani Stevie Wonder alipata binti mwaka 1975 akamwita Aisha, na mwaka uliofuata akamwimbia wimbo uliojulikana kote, nao wazazi wengi Weusi wa nchi ile wakampa binti zao jina hilo katika miaka ile ya 1970. Wamarekani hao hao wana vitabu vya majina ya watoto ambamo utakuta Eshe, limeelezwa kuwa ni jina la Kiswahili lenye maana ya uhai. Nami nacheka kidogo nikifikiri kwamba kuna mama huko Chicago aliyechagua Eshe kwa fahari ya kuwa ni la Kiswahili, wakati mkaza mwanangu hapa Bondeni analikimbia Asha kwa sababu hiyo hiyo.

Na kuna Mwingereza mmoja, H. Rider Haggard, ambaye mwaka 1887 alitoa kitabu kiitwacho She, hadithi ya malkia wa ajabu aliyekaa bara, nyuma ya pwani yetu ya Afrika Mashariki. Malkia yule jina lake limeandikwa Ayesha, kwa tahajia ile ile iliyompendeza mkaza mwanangu. Lakini chini ya ukurasa wasomaji wanaelekezwa jinsi ya kulitamka, na maelekezo hayo hayana i wala ye: ni Asha, kwa s mbili. Nilipomwambia mkaza mwanangu habari hii alinyamaza kidogo, kisha akasema labda Mzungu yule alikuwa hajui. Inawezekana. Wazungu wa vitabu vile hawakujua mambo mengi.

Hapa Nakuru, hata hivyo, hatuna haja ya kwenda London wala Istanbul kujifunza habari za majina. Mji huu ulizaliwa na reli, iliyofika mwaka 1900, na tangu hapo kila treni imekuwa ikishusha ulimi mwingine. Sasa ni jiji, tangu tarehe 1 Desemba 2021, lakini Bondeni ni Bondeni, mtaa wa zamani ambamo mlango wa Mkikuyu umeangaliana na wa Mluhya, na ukuta wa Mjaluo umeegemea wa Mwislamu. Kila mmoja wetu ameumizwa jina lake na jirani, na kila mmoja ameumiza.

Chukua Wagikuyu. Wamishonari walipowaandikia lugha yao waliwapa c isomwe karibu na sh, na th isomwe kama dh yetu. Kwa hiyo Wacera si Wachera, ingawa redioni utamsikia akiitwa hivyo kila siku, na Muthoni hana ile th ya "thelathini", ana dh ya "dhahabu". Zile ishara ndogo zinazopanda juu ya u na i hazimo katika mashine za ofisi, zikadondoka, na majina yakabaki yamenyolewa. Nyanya anaandikwa cucu lakini anaitwa kwa sauti iliyo karibu na shosho, na mtoto wa Kiswahili anayeisoma kwa mara ya kwanza hudhani ni jina la ndege. Wakalenjin nao wana majina yao yanayosema saa uliyozaliwa: Kibet na Chebet ni wa mchana, Kiplagat na Chelagat ni wa jioni, Kiprono na Cherono ni wa wakati wa mifugo kurudi zizini. Mtu akibadilisha silabi moja amekubadilishia saa ya kuzaliwa. Nilisoma na kijana ambaye mwalimu alimwandika vibaya, akakaa miaka 7 ya shule akiwa amezaliwa saa ambayo mama yake hakuijua.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mama wa Kijaluo, na lugha yake haina sh. Alimwita mama yangu Asa. Miaka 20 na zaidi alimwita Asa, "Asa, una chumvi?", "Asa, mtoto wako amepigana tena", na mama aliitika kila mara bila kugeuza uso. Katika mtaa wa maduka alikuwako mama mmoja wa Kihindi, mke wa muuza vitambaa, ambaye pia aliitwa Asha. Kwa Kihindi jina hilo lina asili nyingine kabisa, maana yake ni tumaini, na ndilo la mwimbaji Asha Bhosle, aliyezaliwa mwaka 1933, ambaye sauti yake ilikuwa haitoki katika redio za maduka yale. Mama yangu na yule mama waliitana "somo" kwa miaka mingi. Mimi, nilipojua kusoma, nilimweleza mama kwamba yule si somo wake hasa, majina yamekutana tu njiani. Akaniambia, "Na mimi na yeye tumekutana njiani vilevile." Akaendelea kuchagua kitambaa.

Nafika sasa mahali ambapo ningependa kupaacha, lakini nikipaacha nitakuwa nimewadanganya wasomaji.

Sheria ya kuandikisha watu katika Kenya, tangu siku za kipande cha shingoni, ilikuwa ni ya wanaume. Mpaka ilipobadilishwa mwaka 1978 ndipo wanawake walipoanza kuandikishwa vitambulisho. Kwa hiyo mama yangu, ambaye alikuwa mtu mzima mwenye watoto wakubwa, alikuwa hajawahi kusimama mbele ya karani wa serikali aulizwe jina lake. Mwaka 1980 nilimpeleka mimi. Nilikuwa kijana wa sekondari, nina kalamu mfukoni na maneno mengi kichwani. Karani akauliza, "Mama, jina?" Mama akajibu, "Asha." Nami nikadakia, "Aisha. Andika Aisha, kwa i." Karani akanitazama mimi, akamtazama mama, akaandika nilivyosema mimi. Niliona aibu, msomaji. Niliona Asha ni jina la mtu ambaye hakusoma.

Mama hakusema neno pale. Tulipofika nyumbani alivua buibui, akalitundika, akaniambia: "Jina langu nilipewa na mama yangu. Wewe umenipa hilo lini?"

Hakuwahi kulizoea. Alikuwa akiketi kwenye mabenchi ya ofisi na hospitali, jina lake likaitwa, na asisimame, kwa kuwa aliyekuwa akiitwa hakuwa yeye. Zamu yake ilimpita si mara moja. Na alipofariki ndipo nilipolipa deni. Alikuwa na kiwanja kidogo upande wa Free Area, alichokinunua pamoja na kina mama wenzake kwa akiba ya vibuyu na mikeka, na karatasi zake zote ziliandikwa Asha, kama alivyojitaja mwenyewe. Kitambulisho kilisema Aisha. Cheti cha kifo kikafuata kitambulisho. Kwa macho ya sheria, Asha mwenye kiwanja alikuwa hajafa, na Aisha aliyekufa alikuwa hana kiwanja. Barua ya chifu, hati ya kiapo, wakili, barua nyingine ya chifu kwa sababu wa kwanza alihamishwa: karibu miaka 3 nilizunguka nikithibitisha kwamba mama yangu alikuwa mtu mmoja. Siwalaumu makarani. Ile i niliitia mimi.

Ndiyo sababu sina subira na wanaosema, "Ah, ni herufi moja tu."

Nisieleweke vibaya. Mzazi anayetaka binti yake aitwe Aisha, na amwite. Ni jina zuri, lina heshima yake, na wapo wenye sababu za maana: mtoto atasafiri, atakwenda Hija, atasoma Uarabuni. Hata Ayesha sina ugomvi nalo, ingawa naona ye yake imekuja kwa ndege wakati jina lilikuja kwa jahazi. Ninachokataa ni ile tabia ya kusahihisha. Mwalimu wa darasa la kwanza anayemwambia mtoto aliyeandikwa Asha kwamba jina lake "hasa" ni Aisha, amemwambia pia kwamba nyanya yake, aliyempa jina, alikuwa mjinga. Karani anayeongeza herufi kwa kuona anasaidia amemtengenezea mtu kesi ya urithi ya miaka 40 ijayo. Na sisi waandishi wa magazeti hatujaoshwa mikono. Nimehariri habari ngapi ambamo mtu aliitwa Asha katika aya ya kwanza na Aisha katika ya tatu?

Dr. Asha-Rose Migiro wa Tanzania alikuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa tangu 2007 hadi 2012. Jina lake lilibandikwa mlangoni huko New York kama alivyolileta kutoka kwao, na sijasikia kwamba mkutano wowote uliahirishwa kwa kukosa i.

Kuna na jambo la hesabu. Mwaka 2023 jina lililoongoza kwa watoto wa kiume waliozaliwa Uingereza na Wales lilikuwa Muhammad. Lakini watu wa takwimu wa huko huhesabu kila tahajia peke yake, Mohammed mbali na Mohammad mbali, kama kwamba ni majina ya watu wasiojuana. Mashine haijui somo. Kwa mashine, mama yangu na Caasha wa zahanati na Ayşe wa Uturuki hawana hata undugu wa kunywea chai. Ndiyo maana nasema kwa wazazi wa watoto wadogo: chagueni tahajia moja, ile mtakayomwitia mtoto chakula, na muilinde. Uzazi uandikishwe kabla ya miezi 6 kwisha. Kama mmeshaandika na moyo haukutulia, sheria ya usajili inawaruhusu kubadili jina la mtoto ndani ya miaka 2 tangu kuandikishwa. Baada ya hapo mtajuana na mawakili, na mimi nawajua bei zao.

Siku ya saba tulifanya akika. Mbuzi alichinjwa, nywele zikanyolewa, maalim akaketi na daftari lake. Mjomba wa mtoto alikuwapo, koo lake tayari. Kabla maalim hajaandika niliomba ruhusa nikawasimulia habari ya mwaka 1980, ambayo wanangu wenyewe walikuwa hawajaisikia kwa miaka yote hii. Walijua habari ya kiwanja. Hawakujua habari ya karani. Mke wangu alijua, na alikuwa akinitazama kutoka mlangoni kwa namna ambayo sitaieleza hapa.

Maalim alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaandika kwa herufi za Kiarabu, ain na alifu na hamza na shini na te ya mviringo, hakuacha hata moja. Mjomba akachungulia akaridhika. Maalim akasema wazee wote waliojua Kurani waliandika hivyo, wakasoma hivyo msikitini, na wakirudi nyumbani wakaita Asha, na hakuna aliyeona kwamba wino unagombana na mdomo. Akamgeukia mkaza mwanangu: "Na kwa herufi za serikali, mama, tuandikeje?"

Alikuwa amempakata mtoto. Akasema, "Baba, mbona hukutuambia mapema?" Nikasema sikujua pa kuanzia. Akasema, "Asha."

Jumatatu iliyofuata tulikwenda ofisini watatu, mimi, mwanangu na mkewe. Karani alikuwa kijana mpole, mwenye haraka. Mkaza mwanangu akataja jina, kijana akabonyeza, na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimevaa miwani, nikaona kwenye kioo cha mashine ile i imejiingiza yenyewe kama mgeni aliyezoea nyumba. Sikudakia. Nilidakia mara moja maishani na ilinitosha. Mkaza mwanangu akainama mbele ya dirisha akasema, "Kaka, toa hiyo i."

"Asha tu?" kijana akauliza.

"Asha."

Tumeambiwa cheti tukifuate mwezi ujao. Nitakwenda mwenyewe, na miwani yangu.